Ngombe Zilizotoa Ushahidi

Juma hili nilienda kwenye tribinali ya Masisi kutafuta karatasi yangu, nikabaki kusikiliza kesi ya watu wengine. Mama mumoja alikuwa anaomba feza za kulea mutoto wake ziongezwe. Zamani zilipopangwa, baba ya mutoto alikuwa anabeba mizigo kule Rubaya, na mutoto alikuwa angali ananyonya. Leo mutoto iko sekondari.

"Muheshimiwa, kwangu hakuna kitu kilibadilika," mwanaume akajibu, mukono kifuani, ndani ya shati yenye kupasuka begani. "Niko maskini vile vile."

Mama hakubisha. Aligeukia muzee aliyekaa nyuma, baba ya yule mwanaume, akakunja magoti kwa heshima. "Papa, nasikia mulienda Burungu kumuolea kijana yenu bibi mupya. Watu wanasema mahari ilikuwa mbuzi tu."

Muzee akaruka na fimbo yake. "Mbuzi? Nani anatutukana? Ilikuwa ngombe! Zote za maziwa! Na huyu mwenyewe njo alizinunua!"

Mwanaume akafunika uso. Muamuzi alicheka kwanza, kisha akaeleza: tribinali inapima mahitaji ya mutoto na uwezo wa muzazi, na hivyo vikibadilika, feza nazo zinabadilika. Akaziongeza mara mbili. Wamama walipiga vigelegele mpaka kwenye barabara.

Wanaume wenzangu, mukitaka kulia umaskini mbele ya muamuzi, muache baba zenu nyumbani. Hakuna muzee wa Masisi atakubali iandikwe kama mutoto wake alioa kwa mahari ya mbuzi.