Barua Zilizopoteza Majina

Miaka ya vita, masomo ya chuo yaliposimama, nilipata kazi ya kupiga chapa katika ofisi ndogo ya parokia, hapa Kisangani. Watu waliopotezana na jamaa zao walikuja kunisimulia barua, nami niliziandika kwenye kompyuta. Ndege ya mizigo iliporuhusiwa kwenda Kindu au Goma, tulizichapa kwenye karatasi, tukaandika jina la mpokeaji kwa mkono juu ya bahasha, zikaenda.

Ndani ya barua hatukuweka jina hata moja. Mkuu wa ofisi, mzee mmoja, mwalimu mstaafu tuliyemwita papa, alikataza. Askari wa vizuizini walikuwa wanafungua barua, na jina la aliyeandika au aliyetajwa ndani lingeweza kumletea balaa. Kwa hiyo jina nililiweka mahali pamoja tu, kwenye anwani ya faili: barua ya mama fulani, kwa mwanawe fulani, mji fulani. Nilijivunia anwani zile ndefu.

Tulikuwa na kompyuta mbili mpya, na ya tatu kuukuu iliyokaa katika stoo ya kanisa. Tuliziunganisha kwa waya, na kila mchana ile kuukuu ilipokea nakala ya kazi yetu yote. Nilihesabu mafaili tu. Hesabu ikilingana, niliridhika.

Kisha mabomu yakaanguka mjini. Siku zile nilizipitisha nyumbani, kifudifudi chini ya kitanda. Nilipoweza kurudi ofisini nilikuta paa limefunguka na kompyuta mbili mpya zimepondeka. Ile ya stoo ilikuwa nzima. Tulingoja hadi umeme wa bwawa la Tshopo uliporudi, tukaiwasha.

Kwenye kioo niliona BARUAY~1, BARUAY~2, BARUAY~3, na kuendelea hivyo hadi chini. Mashine ile ya zamani haikujua anwani inayozidi herufi nane. Kwa kuwa zote nilizianza kwa maneno “Barua ya”, zote ilizikata palepale.

Papa aliinama karibu na kioo. “Wote wamekuwa mutu mumoja,” alisema.

Nilingoja anigombeze. Alivuta kiti akakaa. “Mimi ndiye nilikataza majina ndani. Wewe ukayaweka pahali pamoja. Bon, basi, kosa iko yetu wawili.”

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja wa Maniema, muuza samaki wa kukausha sokoni. Alitaka kujua kama barua yake imekwenda kwa mwanawe. Nilimwambia ukweli wote.

“Soma tu,” alisema. “Yangu nitaijua.”

Nilimgeukia papa. Zile zilikuwa siri za watu wengine. Alifikiri, kisha akaniruhusu kusoma mistari ya kwanza, si zaidi. Lakini mistari ya kwanza ilifanana yote: mutoto yangu, siye tuko wazima, tunakuombea. Ilibidi niingie ndani kidogo, na kila nilipoingia sauti yangu ilipungua.

“Haiko yangu,” alisema kwenye ya tano. “Lakini ule mama namujua. Anauza majani ya pondu karibu na mimi. Nitamuambia akuje.”

Akamleta kweli. Siku zilizofuata alikuja kila asubuhi kabla ya soko, akasikiliza, akawatambua watu kwa namna walivyoongea tu. Hakurudia nje neno hata moja alilolisikia. Mimi niliyeandika barua zote zile sikukumbuka hata nusu yake, na jambo hilo lilinitia aibu.

Siku ya nne nilisoma hivi: “Uliondoka nikiwa nimekukasirikia juu ya redio. Redio imetengenezwa, inaongea.” Mama yule akaweka mkono juu ya meza.

“Iko ile,” alisema. Kisha akaongeza, “Andika tena chini: nyumba imesimama, na mimi niko.”

Nikaandika. Safari hii faili nililipa jina la mwanawe peke yake, herufi sita.

Jibu lilifika miezi mingi baadaye, mkononi mwa mtawa. Mwanawe alikuwa Kindu, ameoa, mkewe ana mimba. Mama alinitaka niisome mara mbili, akaikunja karatasi ndani ya kitenge, akaenda sokoni kwake.

Nyingi zilipata wenyewe namna hiyo, mtu akimleta mtu. Zilizobaki bila mwenyewe, pengine wenyewe hawakuwapo tena, tulizichapa kwenye karatasi, kila moja katika bahasha isiyo na jina. Papa alizifungia kabatini, na kila Jumapili, baada ya misa, alisimama mlangoni na kuwauliza watu kama yupo aliyewahi kuandika kwetu. Chuo kilipofunguliwa nilirudi darasani. Yeye nilimwacha bado anauliza.