Moyo wa Daktari Ulivyofika Kiamaiko

Kwa miaka minne nilishikilia kwamba karatasi za marehemu Daktari Muli zililiwa na mchwa. Leo nakiri: ni uongo. Nyumba yangu ya mtaa wa Umoja ilikuwa saruji tupu. Mchwa wangekufa njaa. Ukweli ni kwamba nilipohama mtaa wa Mbotela kwenda Umoja niliacha sanduku lake kwa fundi wangu wa cherehani, Mama Wambui, nikalisahau.

Daktari alinifundisha fiziolojia chuoni. Alichunguza mwili unavyofanya kazi kwa kuwafanyia majaribio vyura, na vyura walipokwisha, alijifanyia mwenyewe. Nilikuwa nimeahidi kuandika maisha yake. Ndipo mjane wake akanipigia simu ofisini.

"Mwanangu, hata makombo ya mchwa nitayapokea. Hasa ile karatasi nyeusi ya mapigo ya moyo wake."

Jumamosi nikaondoka.

Saa tatu asubuhi, Mbotela. Mama Wambui alikuwa amemkalisha mteja juu ya sanduku, akimpima mabega. Daftari na barua zote zilikuwemo, zimebonyea kidogo. Karatasi iliyopakwa masizi, ambayo sindano ilichora juu yake mstari mweupe kufuata mapigo, haikuwemo.

"Ile picha ya Mlima Kenya?" akauliza. "Nilimpa kaka yangu Karanja, mwenye bucha Kiamaiko."

Saa sita, Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi. Nilijipenyeza katikati ya mbuzi, mmoja akatafuna mkanda wa mkoba wangu. Moyo wa mwalimu wangu ulikuwa ukutani ndani ya fremu, juu ya mizani.

"Huo si mlima," nikamwambia Karanja. "Ni moyo."

"Dada, nimeuza mioyo miaka ishirini. Wewe umeuza mingapi?"

Tukakubaliana mjane aamue. Duka la jirani lilikuwa na simu. Karanja akaja na fremu kwapani, akasogeza sikio karibu na langu.

"Mama, nimeipata. Mchwa... hawakuwepo."

"Najua. Niliwahi kuiona sakafu yako. Katikati, mstari umepanda ghafla?"

"Kama mlima, Mama."

"Hapo ndipo nilipoingia maabara kumwambia kwamba mama yangu anahamia kwetu."

Karanja akakipangusa kioo kwa aproni, akanikabidhi fremu.

"Chukua, dada. Huo ni moyo kweli. Hata wangu ulipanda hivyo hivyo."