Mama yangu aling'oa "magugu" kwenye mbuga ya maua hapa Dallas, nikatamani ardhi ipasuke inimeze

Wakuu, salaam kutoka Carrollton, pembeni ya Dallas.

Mtakaosema hii ni chai, semeni tu. Mimi nilikuwepo, na magoti yangu bado yana alama za sisimizi.

Kazi yangu ni IT, ofisi iko Richardson. Siku tano nakodolea screen, Jumamosi nakodolea wadudu. Msicheke. Nina lens ya macro, ile inayomfanya nzi aonekane kama ng'ombe.

Kuna eneo nje ya mji ambalo zamani lilikuwa shamba la pamba. Volunteers wakaamua kulirudisha liwe prairie, yaani mbuga ya nyasi na maua ya asili kama ilivyokuwa kabla ya jembe. Wamehangaika na mbegu miaka na miaka. Ukifika mwezi wa tano ni maua ya kila rangi, na nyuki mpaka raha.

Ila kwa jicho la mkulima... ngoja nifike.

Mwaka huu Mama alikuja kunitembelea. Mama ni wa Singida, amelima mtama na alizeti tangu usichana wake. Wiki mbili nzima alikuwa ndani ya apartment, anatazama parking dirishani. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, huku mnaishi kama mizigo stoo."

Nikaona Jumamosi nimpeleke akaone maua.

Dakika chache tu baada ya kufika, nikamwona! Kiwavi wa monarch, yule kipepeo wa rangi ya chungwa. Ana mistari myeusi, myeupe na ya njano kama jezi ya timu. Chakula chake ni mmea mmoja tu, milkweed, ule unaotoa utomvu mweupe ukiuvunja. Misimu miwili nimemtafuta bila mafanikio.

Nikalala kifudifudi, nika-focus, picha mbili, betri ikafa.

"Mama, nakimbia kwenye gari mara moja. Mtu asikanyage hapa."

"Nenda baba, nipo."

Narudi, nakuta Mama amejifunga kitenge kiunoni, ameinama. Pale mahali pamekuwa peupe kama sebule! Pembeni kuna rundo, limepangwa vizuri kabisa, mizizi juu ikaukie juani.

"Mama! Unafanya nini?"

"Shamba la watu limeliwa na magugu hivi, wewe unapiga picha? Na hili lenye maziwa, ng'ombe akilila linamdhuru. Ningekuwa na jembe ningeshafika kule."

Wakuu, milkweed zote tatu zilikuwa kwenye rundo.

Kabla sijainama kuziokota, Donna huyo anakuja. Donna ni kiongozi wa volunteers, mwalimu mstaafu. Ni mtu ambaye ukikanyaga ua anafumba macho kwanza ndipo anaongea.

Akatazama rundo. Akafumba macho.

Nikaanza kuomba msamaha kwa Kiingereza cha kukimbia. Mama akaniuliza, "Anasemaje?"

"Mama, hayo siyo magugu. Waliyapanda wenyewe. Na kuna kiwavi nilikuwa nampiga picha, bila hilo la maziwa anakufa njaa."

Uso ukamshuka. Hakubisha. Alipiga magoti kwenye ule udongo mweusi unaonata, akaanza kupekua rundo jani kwa jani. Nikapiga magoti na mimi. Donna naye. Watu wazima watatu tunamtafuta mdudu mmoja! Hapo ndipo sisimizi waliponishughulikia.

Mama ndiye aliyempata, chini ya jani. Akampandisha kidoleni taratibu.

"Huyu hapa, mzima. Nisamehe, bwana."

Alikuwa anamwambia kiwavi, siyo mimi.

Nikapiga picha. Kiwavi wa jezi juu ya kidole kilichopasuka kwa kazi. Sina picha nyingine inayoifikia hiyo. Kisha tukamhamishia kwenye milkweed nyingine.

Donna akarudi kwenye rundo, akaokota jani refu lenye mzizi mrefu mweupe. "Muulize mama yako, huu ameutoaje mzima?"

Kumbe zaidi ya nusu ya rundo ilikuwa Johnson grass, nyasi vamizi inayowatesa pale kila mwaka. Wakiivuta inakatika, inaota upya.

Mama akacheka. "Si mtama mwitu huu? Hauvutwi juu. Unafuata mzizi ulikolala, ndiyo unanyanyua."

Asubuhi yote iliyobaki Mama alikuwa mwalimu. Wazungu sita nyuma yake, wanajifunza kusema "ng'oa", wanasema "noa". Alirudi kila Jumamosi hadi siku ya safari yake, na stoo hakuitaja tena.

Milkweed mbili zilikatikia juu, zikachipua. Moja ilikufa, siwezi kudanganya.

Nilichojifunza: nilimchukua mtu aliyelima maisha yake yote, nikamsimamisha mbele ya ardhi, nikamwambia aitazame tu. Wala sikumweleza pale ni mahali gani. Kosa lilikuwa langu.

Mlioko ughaibuni, mzazi alipokuja mlimpa kazi gani, au mlimkalisha kwenye kochi na rimoti? Semeni ukweli, hapa hatujuani.