Viatu vya Shosho vya Kuvukia

Unanijua, mimi si mtu wa kutoka. Nikifika langoni nahesabu nimesafiri, na nikirudi nataka nipewe pole. Kwa hivyo ukisikia nilionekana River Road jua likiwa utosini, nimekumbatia mfuko wa viatu vilivyooza, ujue kuna mtu amenichokoza.

Fundi wa viatu alivitoa mfukoni kwa vidole viwili, namna mtu anavyoinua panya aliyekufa. Akabonyeza soli, ikamomonyoka kama mkate wa juzi.

"Mathe, hii kiatu ni ya askari?"

"Ni ya kuvulia samaki."

"Kwani wewe unavuanga?"

"Mimi samaki wangu ni omena, tena ya kununua. Nataka soli tu."

Akasema ataniwekea ya tairi, ile ya akala, itanizika ikiwa bado nzima. Nikamwambia hiyo ndiyo shida yake, itanizika kweli. Alicheka, lakini akili yangu ilikuwa imeshaondoka pale mjini. Nilikuwa nimerudi mtoni, mtoto wa miguu mitupu mwenye panga kubwa kuliko akili.

Tuliishi kwa shosho, mama yake mama yangu, pale Dagoretti inapoishia na Karen kuanza kuringa. Nyumba ilikuwa upande huu wa mto, na upande wa pili kulikuwa na kipande chake cha nepia, chakula cha ng'ombe. Daraja lilikuwa mbali, kwa hivyo tulivuka juu ya mawe, na mawe yale yalikuwa na uteute wa kijani kama bamia iliyolala. Kila nyumba pale ilikuwa na mtu aliyewahi kukaa majini bila kupenda.

Shosho alikuwa akimuuzia maziwa mzee mmoja wa Karen ambaye mwisho wa wiki alikwenda kwenye mito baridi ya Nyandarua kuvua trauti. Alisimama ndani ya maji siku nzima akirusha ndoano yenye unyoya, kumtafuta samaki ambaye, kwa maneno ya shosho, angempata sokoni bila kulowa. Magoti ya mzee yalipogoma, alimpa shosho viatu vyake. Vilikuwa virefu, vya kamba, na chini havikuwa na meno. Soli yake ilikuwa ya felti, sufi iliyoshindiliwa mpaka ikawa nene na ngumu. Sisi watoto tulisema shosho amevaa blanketi.

Mzee alikuwa amemwonya: kwenye jiwe lenye uteute felti inashika kama ulimi wa ng'ombe, lakini kwenye tope itakuangusha watu wakiona. Gambuti, vile viatu virefu vya mpira, ni kinyume chake. Basi shosho alishuka na gambuti hadi ukingoni, akabadilisha, akavuka na felti. Gambuti zilibaki zikining'inia kwenye mparachichi mpaka arudi, kisha zamu ya felti kuning'inia ikafika. Hakuna aliyewahi kuziiba. Mwizi wa Dagoretti naye ana heshima yake.

Ng'ambo tulikata nepia mpaka mikono ikawasha. Tulikula viazi vitamu vilivyopoa na chai ya chupa yenye harufu ya moshi, na ndege kwarara wakipita juu wakigombana kama wanakwaya walionyimwa sare. Sijawahi kushiba vile tena, na unajua hapa nyumbani sikosi kujaribu.

Kisha guka, mume wa shosho, akafa. Kofia yake ya felti, ya kahawia, ya kanisani na ya mikutano, ikabaki kwenye msumari sebuleni. Mjomba wangu, kifungua mimba, aliyefanya kazi ya ofisi huko Parklands, alianza kuja kila Jumapili. Alitaka kofia, kwa sababu yeye ndiye mwenye boma sasa. Na alitaka kile kipande cha ng'ambo.

"Mama, umezeeka. Utaanguka mtoni watu waseme tulikutupa. Niachie lile shamba."

"Siku nitakayoshindwa kuvuka kwa miguu yangu, lichukue," shosho akamjibu.

Mjomba aliinua kiatu kimoja kutoka mparachichi, akakigeuza, akatabasamu. Felti ilikuwa imeliwa na mawe mpaka ikabaki kama ngozi ya maziwa. Akasema Jumapili inayofuata atakuja na wazee wa ukoo, waone kwa macho yao.

Wiki ile shosho hakulala. Jirani, mama mcheshi wa kanisani, alitutafutia soli za tairi. Shosho alifika jiwe la pili akateleza, nikamshika leso, na mzigo wa nepia ukaenda na maji. Tukashona gunia la mkonge. Lilishika vizuri asubuhi, jioni likawa nyuzi. Jumamosi nilimkuta amesimama sebuleni akiangalia msumari. Nilidhani anaomba.

Aliitoa kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa mara moja tu. Kisha akachukua mkasi.

"Guka wako aliapa madhabahuni hataniacha nianguke," akasema. "Tutaona."

Alikata ukingo, akakata utosi, akabandika kipande juu ya kipande kwa gundi, halafu akadunga shazia, ile sindano nene, kuzunguka mpaka kidole kikatoa damu. Kazi yangu ilikuwa kushika taa na kufunga mdomo, na ile ya pili ilinishinda mara kadhaa.

Jumapili wazee walisimama ukingoni na suti zao. Shosho alikuwa ameshavuka kwenda. Sasa alikuwa anarudi, mzigo wa nepia mgongoni, kamba ya mzigo kipajini, sketi ameipandisha. Alikanyaga jiwe la katikati, lile la uteute mbaya zaidi, akasimama pale kidogo, akatuangalia, akaendelea. Hakuteleza hata mahali pamoja.

Mjomba alitutangulia kupanda nyumbani. Akaingia ndani kuchukua angalau kofia, akatoka mikono mitupu.

"Mama, kofia ya baba iko wapi?"

Shosho alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akainua mguu, maji yakichuruzika kisiginoni.

"Iko hapa. Bado inafanya kazi."

Mzee mmoja alikohoa. Mwingine akavua kofia yake polepole, akaificha mgongoni. Jirani yetu alicheka mpaka akatafuta ukuta. Chai ikaletwa, na mjomba hakugusa mandazi, nikayala mimi.

Baada ya hapo, mzee yeyote akifa pale kwetu, mjane wake alijua kofia inakwenda wapi. Shosho alikuwa na msemo wake: kiatu kizuri ni kile kinachofika. Alivuka mpaka alipolala usingizi wa mwisho, na kipande akaniachia mimi, mtoto wa binti, mtu wa kukaa ndani.

Sasa mtoto wa mjomba amekuja na mtu wa futi ya kupimia, anataka kuweka ukuta huko ng'ambo. "Shamba mwenyewe hafiki ni la nani?" akaniuliza, kwenye kiti changu, akinywa chai yangu. Ndio maana unaniona River Road.

Nilivuka barabara kwa muuza kofia, nikachagua ya felti nene kuliko zote.

"Ya mzee? Kichwa saizi gani?"

"Ya mguu. Namba saba."

Fundi alikata huku akiguna kwamba ni dhambi. Nilimsimamia.

Asubuhi nilishuka mtoni. Mparachichi umekatwa, na kwarara siku hizi wanapekua takataka. Maji ambayo tulikunywa kwa viganja yana rangi ya chai iliyosahaulika, wala hakuna mtoto anayetumwa ng'ambo. Lakini mawe yapo, na uteute umezidi. Nilivuka matako nyuma kama bata, nikilaani kila chapati niliyowahi kula. Nilifika.

Nilipogeuka, mtoto wa mjomba alikuwa amesimama upande wa pili na viatu vyake vinavyong'aa. Akapaza sauti nirudi tuongee. Nikakaa kwenye nepia, nikafungua chupa ya chai, nikamwambia kama ana maneno, avuke.