Kahawa Haikungoja Ratiba

Otilia alipofika kwenye kijia kinachoshukia nyumbani kwake, hapo Mapera, alisikia uvundo akadhani ni usipa wake. Alikuwa ametoka Mbamba Bay kumwona binti yake, Stella, aliyejifungua mtoto wa kwanza, na mkwewe alikuwa amemjazia kikapu cha samaki hao wadogo wa ziwa. Akakitua kikapu, akafunua khanga, akainamisha pua. Usipa walikuwa wakavu, safi, wananukia jua. Akajitwisha tena, na kadiri alivyoteremka ndivyo harufu ilivyozidi kumkaba, hata alipofika uani ikambidi apumulie mdomo. Ilikuwa ikitoka kwenye pipa la buluu.

Ndani ya pipa lile ilikuwamo kahawa ya Beata, wifi yake. Beata alikuwa mjane asiye na mashine ya kumenyea, na mwaka huo mgongo ulikuwa umemkatalia kuinama. Alichuma kahawa yake kidogo kidogo, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaileta kwa Otilia, na Otilia akamwahidi kwamba itarudi kwake ikiwa imeoshwa na kukaushwa. Kabla ya kusafiri aliimenya yote, akaivundika ndani ya pipa ili utelezi uachane na punje, kisha akamwagiza mumewe: kesho kutwa asubuhi, kabla ya chai, aioshe. Egidi aliitikia kwa moyo mweupe. Kuitikia hakukuwahi kumshinda.

Mtu huyu, Egidi, hakuwa mlevi wala mgomvi, na Misa haikumpita. Ila tangu alipohudhuria semina ya mpangilio wa kazi kule Kitai, alikuwa amegeuka mtu wa ratiba. Alinunua karatasi ya manila, akaipiga mistari kwa rula, akaibandika ukutani kando ya picha ya Familia Takatifu: nyekundu kazi za shamba, kijani za nyumba, buluu za kanisa. Akiombwa kupasua kuni, alikwenda kwanza kusimama mbele ya karatasi, mikono nyuma, kisha akatangaza kwamba kuni zimeangukia Alhamisi. Alhamisi ilipofika, alionekana akiichora ratiba upya, kwa kuwa ile ya awali ilikuwa imejaa mambo yasiyotendeka. Otilia alikuwa amefikia hatua ya kuchefuka kila asikiapo kalamu ikikwaruza manila.

Huko kwenye semina Egidi alikuwa amejifunza kwamba kazi zinazofanana zikusanywe zifanywe kwa mkupuo mmoja. Kwa mtu wa majalada huenda ushauri huo ni mzuri. Egidi aliupeleka kwenye pipa. Siku ya kuosha ilipofika, aliona kwamba mibuni ya nyumbani nayo ina matunda mekundu. Basi kwa nini ateke maji mara mbili? Akachuma, akamenya, akamwagia kahawa mbichi juu ya ile ya dada yake iliyokwisha kuvunda, akafunika, akaandika Jumamosi.

Otilia alifunua kifuniko. Nzi walimvamia usoni. Juu palikuwa na utando wa kijivu uliotoa malengelenge, na pembeni mwa pipa funza weupe walikuwa wakipanda na kuteleza. Alitumbukiza mkono, akachota. Punje zilikuwa nyeusi, zinanata kama kamasi. Alizitupa chini, akatemea mate kando, akajifuta kwa majani ya mgomba, na bado harufu ilikuwa imemganda vidoleni.

Egidi alitoka ndani, kalamu ya kijani sikioni.

“Karibu, mama Urban. Mjukuu hajambo?”

“Hajambo. Kahawa ya wifi iko wapi?”

“Si hiyo hapo? Ilikuwa ya Jumamosi. Nimeisogeza.”

“Na hawa funza, baba Urban, nao umewasogeza?”

Egidi alichungulia, akaziba pua, akarudi nyuma hatua moja. Kisha uso wake ukachangamka, maana alikuwa amepata mpango. Alieleza kwamba wataiosha hiyo iliyooza, wataikausha, halafu wataichanganya kidogo kidogo na kahawa safi iliyo juu ya kichanja, ile ya Otilia mwenyewe. Wamrudishie Beata mchanganyiko huo; akiupeleka kuuza kwenye chama cha ushirika, anayenusa magunia hawezi kunusa kila punje.

Otilia alimtazama mumewe kama alivyotazama utando ule. Alijua, kama kila mkulima wa huko ajuavyo, kwamba punje chache zenye uvundo huharibu gunia zima, na kwamba gunia likikataliwa, aibu humwangukia aliyelibeba.

“Huyo ni dada yako wa tumbo moja.”

“Ndiyo maana nasema. Dada hawezi kunishitaki.”

Otilia alikwenda kwenye kichanja, akajaza gunia kahawa yake aliyoiosha na kuianika kwa mikono yake, kiasi kile kile ambacho kahawa ya Beata ingetoa, akajitwisha. Moyo ulimuuma, kwa sababu alijua vizuri kazi iliyokuwa imelala ndani ya uzito ule.

Nyumbani kwake, Beata alilifungua gunia, akaitia kahawa kiganjani, akainusa. “Wifi, hii siyo yangu. Yangu haiwezi kuwa imeshakauka.”

Otilia akamweleza yote, pamoja na mpango wa kuchanganya. Beata akacheka bila furaha. “Nyumbani sisi tulimwita Baadaye. Mama akimtuma kuleta moto, tulikuwa tunakula viazi vibichi.” Akalivuta gunia karibu. “Nalipokea, wifi. Nikikataa, nyumbani kwenu hakuna kitakachopungua, naye atasema hakuna aliyeumia.”

Egidi aliizika kahawa iliyooza kwenye shimo nyuma ya mibuni, akanawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Dominika, padre alipowaalika waumini wapeane amani, alimgeukia mkewe na kumnyooshea mkono. Uvundo ulikuwa bado umejificha chini ya kucha. Otilia aliupokea mkono ule, kwa kuwa altare ilikuwa mbele yake, kisha akafuta kiganja kwenye kitenge mara mbili.

Waliporudi, pipa lilikuwa pale pale uani, mdomo wazi, nzi wakiingia na kutoka. Egidi alisema limepangiwa kuoshwa kesho.

“Leo,” alisema Otilia.

“Leo ni Dominika, mama Urban. Mungu mwenyewe alipumzika.”

“Baada ya kumaliza kazi. Na uvundo huu haujapumzika.”

Aliingia ndani, akaibandua manila ukutani polepole ili asiichane, akaikunja mara nne mpaka ikawa ngumu, akamletea pamoja na ndoo ya maji.

“Kwangulia hii. Ina makali.”

Egidi alitazama mistari yake, akamtazama mkewe, kisha akakunja mikono ya shati lake la kanisani na kuingiza kichwa ndani ya pipa. Maji yaliyomwagika yalikuwa meusi kwanza, kisha yakachanganyika na nyekundu, kijani na buluu. Otilia alisimama upande upepo unakotokea, khanga puani, na hakuondoka mpaka maji yalipotoka meupe.