Simu, faksi na radio call tulikuwa navyo vyote, na bado samaki wakafika siku ambayo kiwanda kimefungwa

Wakuu, habari za jioni. Leo nimeudhika, mnivumilie. Kilichoniudhi nitakisema mwishoni, ila kwanza nirudi nyuma. Haya yalitokea nyumbani kwetu na sijaongeza chumvi, ingawa chumvi nyingi itatokea mbele.

Mwanza, miaka ya tisini, enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu. Viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinaota Nyakato, na kila aliyeweza kupata boti alitaka kuwa wakala wa sangara. Baba akauza ng'ombe walioachwa na babu, akanunua boti.

Tulikaa Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Na kwa mitambo, Baba alikuwa mbele ya wenzake.

Simu ya mezani ilikuwa sebuleni. Ile ya kuzungusha namba, na pale kwenye namba Baba aliweka kufuli ili tusipige ovyo. Kupokea unaweza, kupiga huwezi. Ufunguo uliishi kiunoni mwake.

Faksi ilikuwa mjini, kwenye duka la stationery alikofanya kazi shangazi. Kiwanda kilipenda mambo ya maandishi.

Radio call ya kuongea na boti kule visiwani ilikuwa Mwaloni, kibandani kwa baba mdogo. Unabonyeza, unasema, unamaliza na "ova", unaachia.

Kila mtambo ulikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilikuwa na bwana wake.

Mimi nilikuwa Form Two, likizo. Aibu niliyokuwa nayo haielezeki. Shikamoo yangu ilikuwa haivuki meza. Mambo yangu niliyaandika kwenye diary, ndiyo maana mpaka leo maneno ya siku ile ninayo.

Siku yenyewe boti ilikuwa inapakia mzigo wake wa kwanza kwa kiwanda kipya. Walishamwambia Baba: ukituangusha mwanzoni, mawakala wako wengi. Yeye akaenda Magu kuangalia mpunga wake. Na ufunguo kiunoni.

Simu ikalia. Shangazi.

"Baba yako yupo?"

"Shikamoo shangazi. Hayupo."

"Marahaba. Kiwanda kimeleta faksi. Mtambo wa ubaridi umekufa, kesho hawapokei samaki. Boti isipakie leo, ipakie kesho. Mwambie sasa hivi."

"Yuko Magu."

"Si upige simu kwa jirani yake mwenye duka kule? Hii ya dukani haipigi nje ya mji."

"Simu ina kufuli, shangazi."

"Huyu kaka yangu," akasema, akakata.

Nikakimbia Mwaloni. Baba mdogo alikuwa anakula samaki wa kukaanga, redio inakoroma pembeni.

"Nani kasema?"

"Shangazi. Imekuja kwenye faksi."

"Faksi iko wapi?"

"Mjini."

"Kailete niione. Boti ya kaka haisimamishwi kwa maneno ya simu."

Nikaenda mjini, nikarudi na karatasi. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Mbona haina muhuri?"

Wakuu, niliangalia ziwa tu. Nilitamani kulia.

"Haya," akasema, akanipa kile cha kuongelea. "Sema nao mwenyewe. Mimi nisiwemo."

Sasa kwa wasiojua, kwenye redio ile ukiongea unasikika boti zote, visiwa vyote. Mimi, ambaye darasani nilikuwa naomba ruhusa ya kutoka kwa kunyoosha kidole tu.

"Shikamoo. Ova."

Vikasikika vicheko. "Marahaba. Nani huyo? Ova." Huyo ni nahodha wetu.

"Binti wa Mzee. Kiwanda kinasema msipakie leo. Ova."

"Kiwanda sisi hatukijui, tunamjua Mzee. Mpe Mzee. Ova."

"Hayupo. Ova."

Boti nyingine kabisa, sijui ya kisiwa gani, ikaingilia: "Binti, umeshakula lakini? Ova." Wakacheka tena.

"Mzee alituagiza tupakie leo," akasema nahodha. "Tunapakia. Ova."

Asubuhi boti ikafika imejaa. Baba naye akafika kutoka Magu, anacheka na wabeba mizigo. Nilipomwambia, cheko likaisha. Akauliza swali ambalo mpaka leo linanichemsha:

"Kwa nini hamkuniambia?"

Shangazi alisema alipiga simu. Baba mdogo alisema alitoa redio. Nahodha alisema alifuata maagizo. Na hakuna aliyedanganya, ndiyo inayouma zaidi. Kila mmoja alifanya ya kwake na samaki wako palepale, barafu inayeyuka.

Mama ndiye aliyenyanyuka. Akaleta chumvi, magunia kwa magunia, tukapasua sangara kutwa nzima kuwafanya kayabo, wale wakavu wanaopelekwa Kongo. Vidole vyangu vilichubuka vyote. Kiwanda kilipofungua, boti yetu haikuwa na kitu, wakapokea kwa mtu mwingine. Ilichukua muda mrefu Baba kurudishwa kwenye uwakala.

Wiki ile akahamishia redio sebuleni, meza moja na simu. Kufuli akalitoa. Baba mdogo akawa anakuja kukaa kwetu na kinyongo chake. Shangazi akipiga na habari ya faksi, anayepokea anageuza shingo tu na kuitangaza.

Lakini naona kilichotuponya hasa siyo ile meza. Siku ya kwanza Baba alibonyeza redio akasema: "Sauti mtakayosikia ni ya binti yangu. Akisema msubiri, nimesema mimi. Ova." Akanipa.

Nikapokea kwa mikono miwili. Kisha nahodha, bila kucheka: "Binti, tunakusikia. Tupakie au tusubiri? Ova."

"Pakieni. Ova."

Sasa ya leo. Ofisini kwetu tumewekewa mfumo wa kisasa: simu, email, meseji na vikao vya video, vyote sehemu moja. Kitu kizuri sana, nilikipigania mwenyewe. Mteja akipiga, unaona alichoandika jana na nani alimjibu. Asubuhi umetugomea. Anayeweza kuufungua ni bosi peke yake, na password hajampa mtu. Amesafiri.

Nilichojifunza: unganisha mitambo, sawa, lakini kwanza mkubaliane ujumbe ni ujumbe hata ukiletwa na mtoto, na ufunguo usisafiri na mtu mmoja.

Wenye biashara humu, hebu semeni. Kwenu ufunguo uko kiunoni kwa nani?