Kanyaga Nisikie

Nakumbuka asubuhi moja, miaka ya themanini ikiwa bado michanga, nimesimama uani kwetu Nunguni na mwiko mkononi, si wa kusongea ugali bali wa kusikilizia gari. Wewe unayecheka, cheka tu. Nitakungoja umalize.

Nilikuwa mjane wa miezi michache. Mume wangu Mutinda aliniachia watoto wawili, shamba la mteremko, na pikapu kuukuu ya samawati tuliyopakia kabichi na kushuka nazo soko la Emali. Yeye ndiye aliyenifundisha kuiendesha, kwenye uwanja wa kanisa, wazee wa kanisa wakitukodolea macho. Walisema mwanamke na usukani wapi na wapi. Alipokufa, usukani huohuo ndio uliowalisha wanangu.

Basi injini ikaanza kugonga. Ikiwa imetulia, husikii kitu. Ukikanyaga mafuta, ko-ko-ko-ko, mlio mkavu wa kutisha. Shemeji yangu Kioko, mdogo wake Mutinda, aliisikiliza kidogo tu akafunga boneti.

"Shemeji, hii imenoki, vyuma vya chini vimeisha," akaniambia. "Engine ikinoki ni kwisha. Kuna mtu wa Tawa anataka body. Kesho namleta, tuuze kabla ilale kabisa."

Kioko hakuwa mtu mbaya. Lakini pikapu ikienda, mimi ningerudi kubeba kabichi mgongoni kwa kamba ya kichwani, na sijui karo ya watoto ingetoka wapi. Fundi wa kuaminika alikuwa huko Emali, na gari iliyonoki huishushi mlima ule. Nilikuwa na siku moja ya kujua kama shemeji amesema kweli.

Mutinda alikuwa na njia yake ya kutafuta sauti. Alikuwa akiniibia mwiko jikoni, anaegemeza kichwa cha mwiko kwenye chuma cha injini na kutia ncha ya mpini sikioni. Mimi nakaa kwenye usukani. "Kanyaga," anasema, nakanyaga. "Achia," naachia. Anahamisha mwiko juu, kando, chini, na pale sauti inapojaa sikio ndipo penye ugonjwa. Nilimgombeza kila mara kwamba ugali unanuka oili. Wanandoa wengine wana maneno yao matamu, mwanangu. Yetu yalikuwa hayo mawili.

Asubuhi hiyo nikawasha gari, nikafungua boneti, nikainama kama nilivyomwona akiinama. Nikaweka mwiko. Injini ikanguruma polepole, sauti haipo. Nikasema, "Kanyaga."

Hakuna aliyekanyaga.

Nilikuwa nimesimama mahali pake, na mahali pangu palikuwa patupu. Nilikuwa nimelia kwenye mazishi kama wanavyolia watu, lakini hapo ndipo nilipojua kwamba Mutinda amekufa. Nikasema tena, kwa sauti zaidi, "Kanyaga!" Sijui nilikuwa namwambia nani. Baadaye nilisikia kuna namna ya kuvuta waya wa mafuta kwa mkono ukiwa hapohapo mbele, wala huhitaji mtu. Namshukuru Mungu sikuijua.

Ng'ambo ya uwanja wetu wa nyumbani ilikuwa nyumba ya mama mkwe wangu, niliyemwita Mwaitu, yaani mama. Tangu mazishi tulikuwa watu wa salamu tu. Nilimpelekea chakula, akapokea, nikarudi kwangu. Niliona kilio changu ni changu, nikajifungia nacho kama mchoyo anayekula gizani. Yeye naye alikuwa amejifungia na chake.

Mlango wake ukafunguka. Akaja bila viatu, leso imeanguka begani, akasimama mbele yangu akihema. Aliniambia kwa Kikamba, nami ninakupa kwa Kiswahili.

"Kila asubuhi nilikuwa nasikia mwanangu akisema kanyaga," akasema. "Leo nimesikia tena, nikatoka mbio. Mbona hukuniita?"

"Mwaitu, sikutaka kukusumbua."

"Kunisumbua!" Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Wewe ulimpata akiwa mtu mzima. Mimi nilimzaa. Ulidhani umefiwa peke yako?"

 

Akafuta macho kwa leso. "Haya, nionyeshe mahali pa kukanyaga."

Nikampandisha kwenye kiti. Hakuwahi kukaa upande ule wa gari maishani mwake. Alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia mbuzi asitoroke, na nilipomwambia kanyaga, alikanyaga kwa uchungu wote aliokuwa nao. Gari ikapiga kelele, kuku wakatawanyika. "Polepole, Mwaitu!" nikapiga ukelele, na sote wawili tukacheka na machozi yakitutoka.

"Kanyaga." Akakanyaga. "Achia." Akaachia. Nilisikiliza chini kabisa, pale Kioko alipopaogopa: pametulia. Nilisikiliza juu: sauti iko mbali. Nikapeleka mwiko mbele, kwenye pampu ya maji, nikijihadhari na feni, na sauti ikajaa sikio langu lote. Nikazima injini, nikashika feni, iliyofungwa kwenye pampu hiyo, na kuitikisa. Ikacheza kama jino la mtoto. Injini haikunoki. Ilikuwa pampu, imechoka tu.

Kesho yake Kioko alikuja na mtu wake. Nikamwambia ashike feni. Akaitikisa, kisha akamwambia mgeni wanywe chai kwanza. Chai ndiyo waliyopata. Pampu nyingine aliitafuta Kioko mwenyewe huko Emali, akaja nayo kwa basi ameipakata.

Pikapu ile iliendelea miaka mingi. Na asubuhi nyingine, gari ikiwa nzima kabisa, Mwaitu alikuwa akivuka uwanja na kuniuliza, "Leo haina sauti?" Nikawa namdanganya kwamba nasikia kitu kidogo. Anapanda, anakanyaga, nasikiliza injini isiyo na neno. Sasa naye ametangulia. Uwanja ule ni mpana kuliko ulivyokuwa, na sina gari ya kusingizia ugonjwa.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kidole kimoja hakivunji chawa. Kuna jambo ndani yako linagonga, nawe unawaambia watu uko sawa kwa sababu ukitulia halisikiki. Usilitafute peke yako. Huwezi kukanyaga na kusikiliza kwa wakati mmoja. Vuka uwanja, gonga mlango, hata wa yule unayedhani ana shida zake zinamtosha. Huenda amekaa nyuma ya mlango akingoja kuitwa. Na ukisikia mwenzako anaita, usingoje kuvaa viatu.

Mungu wa wajane na mayatima akutunze, akuzidishie miaka kuliko aliyompa Mutinda. Na siku utakaposimama peke yako mbele ya lililokushinda, useme "Kanyaga," awepo wa kukanyaga.